Siku Mbili Hazitoshi: Tamthilia za Muziki na Soko la Nakuru

Muhula ukishika kasi, mabasi ya shule huanza kujipanga mapema nje ya Nakuru Players Theatre. Wanafunzi wanashuka na madaftari mkononi, walimu wanahesabu vichwa, na karani wa mlangoni anasoma ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mwalimu, kisha anainua macho kulinganisha fedha na idadi ya sare zilizo mbele yake. Siku moja nilikaa safu ya nyuma kabisa wakati kikundi kimoja kilipokuwa kikiigiza Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kwa nusu saa ya kwanza wanafunzi waliandika bila kuinua kichwa, kwa sababu mtihani ni mtihani. Halafu mwongozaji, kwa ubunifu wake mwenyewe, alikuwa ameingiza wimbo mfupi wa kuitikiana kati ya onyesho moja na lingine. Mwigizaji mmoja akaanza bila ala, wenzake wakapokea kutoka nyuma ya pazia. Kalamu zikalala. Kibwagizo kilipofika mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa ukiitikia, na mwalimu mmoja aliyekuwa akisahihisha kazi kwenye mapaja yake akafunga daftari akapiga makofi pamoja na watoto.

Nimekata tikiti za maigizo Nakuru, Naivasha na Nairobi kwa miaka mingi, na tangu siku ile nina swali moja. Ikiwa dakika mbili za wimbo zinaweza kufanya hivyo, mbona tamthilia ya muziki kamili, yenye kwaya, ngoma na hadithi inayosukumwa na nyimbo, haijawahi kukita mizizi kama biashara katika mji huu? Watu wa sanaa hujibu haraka kwamba wakazi wa Bonde la Ufa hawapendi kulipa kutazama jukwaa. Sikubaliani nao. Mapenzi yapo na fedha zipo. Kasoro iko kwenye hesabu, hasa hesabu ya siku.

Tuanze na kilichopo. Maigizo ya vitabu teule, setibuku kama wanavyosema wanafunzi, ndiyo yaliyoweka taa za kumbi zetu zikiwaka. Kigogo ya Pauline Kea iliwalisha waigizaji kwa miaka kadhaa, ikafuatwa na Bembea ya Maisha, na kwa upande wa Kiingereza The Samaritan ya John Lara. Mfanyabiashara yeyote angetamani soko la aina hiyo. Wizara ndiyo inayochagua bidhaa, mteja hawezi kuikwepa kwa sababu atatahiniwa, na ananunua kwa makundi ya mia mia. Kikundi kinaweza kuanza wiki Njoro, kikaenda Molo, kikarudi Gilgil na kumalizia Nyahururu, waigizaji sita wakigawana nafasi kumi na mbili, na shuka moja iliyopakwa rangi ikiwa ndiyo nyumba, ofisi na hospitali. Ninawaheshimu sana vijana wanaofanya kazi hiyo. Lakini soko lile limewafundisha kitu kimoja kibaya, kwamba onyesho ni kitu cha kufika, kuigiza, kupokea na kuondoka. Wanapotoka kwenye setibuku na kujaribu mchezo wa watu wazima wenye muziki, huupeleka kwa mtindo uleule. Wanakodi ukumbi Jumamosi na Jumapili, Jumatatu kila kitu kimekwisha.

Hapo ndipo fedha zinapozama. Nitaweka hesabu ya kukadiria, tarakimu zangu mwenyewe, ili msomaji aone umbo la tatizo. Tuseme tamthilia ya muziki ina waigizaji 20. Wanafanya mazoezi siku 36, na kila mmoja anapewa shilingi 200 za nauli kwa siku. Hizo ni shilingi 144,000 kabla mtu hajavaa leba. Maleba na mandhari, weka 60,000. Kwa kila siku ya onyesho, ukumbi, spika, maikrofoni, taa na nauli, weka 40,000. Ukumbi una viti 250, tikiti ni shilingi 600, na kila siku kuna maonyesho mawili, la mchana na la jioni.

Ukicheza siku mbili, gharama yote ni 284,000. Ukumbi ukijaa nusu, ambayo ndiyo hali ya kawaida, mapato ni 300,000. Zinabaki 16,000. Wagawie watu 20, kila mmoja anakwenda nyumbani na shilingi 800 baada ya wiki sita za jasho. Bado hujamlipa mtunzi wa nyimbo, mpiga kinanda wala aliyebandika mabango.

Sasa chukua mchezo uleule, waigizaji walewale, nusu ukumbi ileile, lakini ucheze wikendi tano. Maonyesho yanakuwa 20. Mazoezi na maleba hayaongezeki hata senti, kwa sababu yalishalipwa. Gharama yote inafika 604,000 na mapato 1,500,000. Zinabaki 896,000, yaani shilingi 44,800 kwa kila mmoja wa wale 20. Tofauti kati ya kikundi kinachovunjika na kikundi kinachoweza kuandaa mchezo wa pili ni zile wikendi nne za nyongeza ambazo hakuna aliyethubutu kuzilipia.

Mtu atauliza watazamaji wa maonyesho 20 watatoka wapi. Nusu ukumbi mara 20 ni watu 2,500. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 570,674 katika mji wa Nakuru, miaka miwili kabla haujapandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Tunahitaji mtu mmoja tu kati ya kila 228. Naivasha, Gilgil na Njoro sijaziingiza katika hesabu hiyo.

Tena mchezo wa kuigiza huuzwa kwa mdomo. Aliyetazama Jumamosi anamsimulia mwenzake kazini Jumatatu, kwenye kiti cha saluni Jumanne, kwenye kikao cha chama Alhamisi. Habari ikishaenea, mchezo wenyewe umeshaondoka. Nimekutana na watu wengi wakiniuliza, "Ule mchezo unachezwa tena lini?" na jibu siku zote ni kwamba ulikwisha.

Historia ya nchi hii ina ushahidi wa wazi kuhusu kudumu jukwaani, na hauko mbali nasi. Oktoba 1977, kijijini Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ulikuwa mchezo uliojaa nyimbo na ngoma, ukichezwa wazi kwenye jukwaa walilojijengea wenyewe, lenye uwezo wa kuketisha watu zaidi ya 2,000. Ulidumu wiki sita. Watu walikodi mabasi na teksi kutoka mbali kuja kutazama kijijini. Ukapigwa marufuku Novemba 16, na kabla ya mwaka kuisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Mwaka 1982 walijaribu tena na Maitũ Njugĩra, ambayo ilikuwa tamthilia ya muziki hasa, yenye nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya. Walinyimwa Kenya National Theatre, wakafanya mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu walimiminika kuyatazama mazoezi hayo. Kisha jukwaa la Kamiriithu likabomolewa. Simulizi hii kwa kawaida husomwa kama ya siasa, na ni ya siasa. Mimi huisoma pia kama taarifa ya soko. Hakuna aliyesema kule Limuru kwamba Mwafrika halipi kutazama jukwaa.

Majirani nao walikwishajibu. Kampala, Byron Kawadwa alijaza Jumba la Taifa la Maigizo kwa tamthilia za muziki za Kiganda, na Oluyimba lwa Wankoko ikapelekwa kwenye tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Mwaka huohuo utawala wa Idi Amin ukamuua. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano Cultural Troupe na baadaye Tanzania One Theatre, yaani TOT aliyoimbia Khadija Kopa, viliuza usiku mzima wa burudani kwa kiingilio kimoja: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, na taarab ya kumalizia. Vilicheza kwenye mabaa, wiki baada ya wiki, kila kimoja na mashabiki wake. Ule mpangilio wa kumpa mtazamaji mambo mengi kwa tikiti moja ungefaa sana Nakuru ya leo, ambako kijana anayetoa shilingi 600 anataka kujua jioni yake yote imeshughulikiwa.

Sasa tuje kwenye michezo yenyewe, maana shabiki lazima aseme anachoamini kitauzika. Katika miaka ya karibuni Nairobi Performing Arts Studio, chini ya Stuart Nash, imeleta Kenya National Theatre michezo mikubwa yenye muziki, ikiwamo Sarafina!, Grease, na Mei 2022 ikarudisha Ngaahika Ndeenda, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya marufuku.

Kama ningekuwa na fedha za kuweka, ningeiweka Sarafina! barabarani kuelekea Nakuru kabla ya nyingine zote. Mbongeni Ngema aliiandika juu ya vijana wa shule wa Soweto, ikafika Broadway mwaka 1988, ikawa filamu mwaka 1992, na hiyo filamu imeonyeshwa katika mabweni na kumbi za shule zetu mara zisizohesabika. Watu wazima wa leo waliiona wakiwa kidato cha pili. Nyimbo wanazijua. Mzazi atakuja na mwanawe, na shule zitakuja hata kama mchezo hauko kwenye mtihani. Jambo la kupimwa ni ada ya haki za kuigiza, ambayo hulipwa kwa fedha za kigeni na huliwa kwanza kabla ya mwigizaji.

Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu ingejaza kumbi kutoka Naivasha hadi Bahati na Molo, sina shaka. Kwa Kiingereza naiona ikipoteza nusu ya nguvu yake, kwa kuwa utani na mafumbo yake yamefumwa ndani ya lugha ile. Lakini hapa Nakuru kuna jambo la kuangalia. Jiji hili ni la Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengine wengi, na waliokuwa hapa wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, Januari 2008, hawajasahau. Mchezo wa lugha moja ya kikabila unauza kona moja ya mji. Kiswahili kinauza mji wote, na kinawaketisha safu moja watu ambao wakati mwingine hukutana sokoni tu. Kwangu mimi sababu hiyo ina uzito kuliko fedha, na bahati nzuri fedha zinaelekea huko huko. Tafsiri nzuri ya Kiswahili ya mchezo ule, yenye nyimbo zilizotungwa upya, ingekuwa mali.

Grease siioni ikifaulu hapa. Ni hadithi ya vijana wa Marekani wa miaka ya 1950 na magari yao, inategemea kumbukumbu ambazo mtazamaji wa Section 58 au Lanet hana. Nairobi ilikuwa na watazamaji wake. Nakuru ingekuwa hasara.

Tinga Tinga Tales ndiyo ninayoililia. Ilianza kama katuni za televisheni zilizochorwa Nairobi kutokana na ngano za wanyama za Kiafrika, ikageuzwa kuwa tamthilia ya muziki ya Claudia Lloyd yenye muziki wa Eric Wainaina, na mwaka 2018 ikachezwa New York. Fikiria ngano ambazo nyanya zetu walizisimulia jikoni zikivuka bahari kabla hazijafika ukumbi wa Nakuru! Likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, wazazi wa mji huu wanatafuta pa kuwapeleka watoto na hawapati zaidi ya bembea na chipsi. Mtoto mmoja huja na mtu mzima mmoja au wawili, kwa hiyo kila tikiti ya mtoto inajiuza zaidi ya mara moja.

Na kuna hadithi moja ambayo kila mkazi wa kaunti hii anapaswa kuijua. Wachoraji wa Disney walipokuwa wakiandaa filamu ya The Lion King ya 1994, walizuru Hell's Gate, Naivasha, wakachora miamba na nyasi zetu. Mwaka 1997 hadithi hiyo ikawa tamthilia ya muziki Broadway, na duniani kote imeingiza zaidi ya dola bilioni 8. Simba, Rafiki, Pumbaa: majina ya Kiswahili yanayouza tikiti kila jioni New York na London. Maneno "Hakuna Matata" yenyewe Disney iliyasajili kama alama ya biashara Marekani mwaka 2003. Waliokuja kuchora miamba yetu waliona mali. Sisi tunaoiona kila siku tukipita na matatu bado hatujatunga wimbo mmoja wa jukwaani juu yake.

Nisieleweke kwamba tamthilia ya muziki ni fedha rahisi. Mwaka 2025 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba kati ya tamthilia mpya 46 za muziki zilizofunguliwa Broadway tangu janga la korona, zilizokuwa zimerudisha faida ni 3 tu: SIX, MJ na & Juliet. Huko mchezo mmoja unaweza kula dola milioni 20. Udogo wetu hapa ni nafuu. Hesabu niliyoiweka juu inaweza kuanzishwa na chama cha watu 15 wanaochanga shilingi 20,000 kila mmoja, na ikishindikana hakuna atakayeuza shamba.

Hatari inayoogopesha zaidi wawekaji fedha ni ya aina nyingine, na Nakuru iliiona kwa macho yake. Aprili 2025 tamasha la taifa la maigizo ya shule lilikuwa hapa kwetu. Wasichana wa Butere walikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala. Mchezo ulikuwa umezuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Asubuhi ya Aprili 10 umati ulifika mapema katika shule ya Melvin Jones kuutazama. Polisi wakarusha vitoa machozi. Wasichana waliingia jukwaani bila maleba na bila vyombo vyao, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Sijawahi kuona wimbo mmoja ukibeba uzito kama ule. Mwenye fedha aliyetazama picha zile alijifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba watu wa Nakuru wako tayari kurauka kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, na kwamba mchezo unaweza kufungwa kabla pazia halijapanda. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ni ya zama za ukoloni ukikaribia kwisha na bado inadai leseni. Biashara haiwezi kukua pale ambapo bidhaa inaweza kutwaliwa mlangoni. Wanaosema sanaa na siasa zitenganishwe wangeanza kwa kuondoa gari la polisi nje ya ukumbi.

Wakati huohuo saa ya setibuku inakwenda ukingoni. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani unaotahini vitabu hivyo, wataufanya mwaka 2027, na Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu, ambako mkondo wa sanaa na michezo una somo la maigizo na filamu. Kikundi kilichozoea kuuza muhtasari wa kitabu kitahitaji bidhaa nyingine. Mwalimu wa maigizo hatatafuta muhtasari. Atataka wanafunzi waone taa, maleba, uimbaji na mpangilio wa jukwaa. Atataka mchezo wenye kila kitu, na tamthilia ya muziki ndiyo yenye kila kitu.

Waimbaji hatuna haja ya kuwaagiza. Ingia kanisa lolote la mji huu Alhamisi jioni ukute kwaya ikirudia ubeti mmoja mara ya tisa mpaka sauti ya tatu ikae sawa. Chuo Kikuu cha Kabarak kinafundisha muziki, na Egerton iko Njoro, mwendo mfupi wa matatu. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika mkataba. Mtunzi wa nyimbo alipwe sehemu ya kila tikiti, nyimbo zisajiliwe kwa jina la kikundi, zirekodiwe na kuwekwa Skiza kama milio ya simu, ziuzwe mlangoni. Vikundi vingi hukopa nyimbo za redioni kwa sababu watu wanazijua, kisha haviwezi kurekodi wala kuuza chochote, kwa kuwa wimbo ni wa mwingine. Mwenye wimbo wake ana mapato hata usiku ambao ukumbi umefungwa.

Kwa viongozi wa vikundi vya Nakuru, ombi langu ni hili: chagueni mchezo mmoja wa Kiswahili wenye nyimbo zenu wenyewe, na kabla ya kuchapisha bango hata moja, mwendeeni mwenye ukumbi mkakodi wikendi tano mfululizo. Kwa kaunti, ukumbi wa umma ukodishwe kwa bei ya msimu, maana bei ya siku ndiyo inayovifukuza vikundi Jumatatu asubuhi. Na kwako msomaji, ukisikia mchezo umefunguliwa, usingoje kuambiwa ulikuwa mzuri. Nenda wiki ya kwanza, halafu wiki ya tatu urudi na jirani yako.